Baba alikuwa mwalimu, mtu wa benki na mtu wa kujitolea: nimwandike yupi?

Shikamoo Shangazi,

Familia imenipa kazi iliyonishinda, na siku zinakwisha.

Baba yetu alifariki mwaka jana. Tunaandaa siku ya kumkumbuka, na tumekubaliana kwamba kila atakayekuja apewe kijitabu cha maisha yake, wajukuu nao wabaki nacho. Ndugu zangu walikaa wakaniteua mimi nikiandike, kwa kuwa ndiye niliyekuwa naye miaka yake ya mwisho na karatasi zake zote ziko kwangu. Nilikubali palepale, nikidhani ni suala la kupanga tarehe na kuchagua picha.

Shida ni kwamba maisha ya Baba yalikatika vipande vitatu, na kila kipande kina watu wake. Alianza kama mwalimu wa hisabati wa sekondari. Akaacha, akaingia benki: kwanza idara ya mikopo, baadaye ukaguzi wa ndani, na huko ndiko alikokaa miaka mingi kuliko kwingine kote hadi akastaafu. Na tangu mimi ni mtoto mpaka miguu ilipomkatalia, alikuwa akijitolea. Alikuwa mweka hazina wa kituo cha kulelea watoto, na jioni alifundisha watu wazima kusoma na kuhesabu. Kwa kazi hizo hakupokea hata nauli.

Kaka yetu mkubwa anataka kijitabu kizima kiwe cha mwalimu. Anasema hata alipokuwa benki watu waliendelea kumwita Mwalimu, na hiyo ndiyo heshima yake. Miaka ya benki itajwe kwa mstari mmoja tu, kwa sababu hakuna anayemlilia ofisa mikopo. Mama hukasirika akisikia hivyo. Anasema ada zetu zote zilitoka benki, na kwamba Baba hakuacha ualimu kwa tamaa. Wakati anaondoka shuleni, baadhi ya walimu wenzake walimwambia ameuza wito wake, na neno hilo lilimkaa moyoni kwa miaka. Watu wa kituo nao wameniletea ujumbe kwamba Baba alikuwa wao, tusije tukawasahau.

Nimejaribu kuunganisha. Niliandika kwamba Baba alikuwa mwalimu kila alikokwenda: shuleni alifundisha wanafunzi, benki aliwafundisha wateja, kituoni aliwafundisha watoto namna ya kuishi. Kaka alifurahi sana. Mama alisoma, akanirudishia karatasi bila kusema neno. Mimi mwenyewe nikisoma naona maneno mazuri, lakini simwoni Baba.

Kuna mawili mengine. Katika vitu vyake nimekuta daftari lenye majina ya watu na fedha alizowapa, wengi wao waliokuwa wanafunzi wake. Baadhi wamewekewa alama ya kulipa, wengine hapana. Mdogo wangu anaona tuchapishe ukurasa mmoja ili watu wajue wema wa Baba. Binamu yetu mmoja anasema wasiolipa nao wajulikane.

La mwisho ndilo linaloniumiza zaidi. Mimi nilizaliwa Baba akiwa tayari benki. Siku za kazi alirudi usiku, Jumamosi alikuwa kituoni. Sasa nasikiliza watu wakimsifu kwa muda aliowapa, na ndani yangu kuna sauti inayouliza muda wangu mimi ulikuwa wapi. Nampenda Baba, na nilimuuguza kwa mikono yangu. Lakini kila mtu ananiambia niandike kwamba alikuwa na muda na kila mtu, na sentensi hiyo haitoki. Je, kweli mimi ndiye ninayefaa kuandika?

Binti yake wa pili

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Nitaanza na Mama. Naamini alipokurudishia ile karatasi bila neno, alikuwa amekujibu, na nakubaliana naye.

Ile sentensi ya kwamba Baba alikuwa mwalimu kila alikokwenda inavutia, na ikisomwa mbele ya watu itapigiwa makofi. Lakini hebu itazame inafanya nini. Inachukua kipande kimoja cha maisha yake na kukitandaza juu ya vingine mpaka visionekane. Mtu aliyekaa mbele ya Baba akiomba mkopo hakuja kufundishwa. Alikuja na hesabu za biashara yake na hati ya dhamana, na Baba alitakiwa kupima kama mtu yule ataweza kurejesha, au kama kumpa fedha ni kumsogeza karibu na siku ya kupoteza nyumba yake. Hiyo ni kazi nzito, yenye maadili yake na usiku wake wa kukosa usingizi. Ukiigeuza kuwa somo la darasani unaifuta. Na ukiifuta, unawapa haki wale waliomwambia ameuza wito wake, kwa sababu utakuwa umekubaliana nao kwamba miaka ile ni ya kufunikwa.

Yaache maisha yake yakiwa yamegawanyika, kama alivyoyaishi. Nguvu zako zipeleke kwenye zile njia panda alipotoka huku akaenda kule. Kwa nini aliondoka shuleni? Nani alimshauri, nani alimkataza? Alikaa na wazo hilo kwa muda gani kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi? Wakati huo nyumbani kulikuwa na watoto wangapi, na mshahara ulikuwa ukiishia wapi kabla ya mwezi kwisha? Mama anajua yote haya. Umeniandikia kwamba anasema Baba hakuacha ualimu kwa tamaa, lakini hujaniandikia kwamba ulimuuliza aliacha kwa nini. Nenda ukamuulize. Nadhani hicho ndicho anachokisubiri.

Yupo mtu ambaye maisha yake yaligawanyika karibu hivyohivyo. Maggie Lena Walker alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1864, kwa mama aliyewahi kuwa mtumwa. Akawa mwalimu wa shule. Mwaka 1886 aliolewa, na kwa kanuni za huko wakati ule mwanamke akishaolewa hakuruhusiwa kuendelea kufundisha, basi akalazimika kuacha. Tangu msichana alikuwa mwanachama wa Independent Order of St. Luke, chama cha Wamarekani Weusi cha kusaidiana katika ugonjwa na mazishi. Nguvu zake zikahamia huko, akapanda ngazi hadi akashika uongozi wake mwaka 1899, na mwaka 1903 akaanzisha benki, St. Luke Penny Savings Bank. Alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kupata kibali cha kufungua benki. Anayesimulia maisha hayo akiiruka kanuni ile iliyomtoa darasani hawezi kueleza benki ilitoka wapi. Atabaki kusema tu kwamba mama huyu alikuwa na vipaji vingi. Ukijua kwamba alifungiwa mlango, unamwona mtu mzima mwenye uamuzi, na vipande vyake vinaeleweka bila kulazimishwa kufanana.

Kwa Kaka, anayetaka upande wa fedha uwe mstari mmoja, msimulie habari za Henry Dunant. Alijifunza kazi benki akiwa kijana huko Geneva, kisha akaingia katika biashara ya mashamba na usagaji nafaka Algeria. Mwaka 1859 alisafiri hadi kaskazini mwa Italia kumtafuta Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, ili biashara yake ipate ardhi na maji. Akafika karibu na Solferino wakati vita vya tarehe 24 Juni vimekwisha kupiganwa, akakuta maelfu ya majeruhi wamelala bila wa kuwahudumia. Aliiacha shughuli iliyompeleka, akawaita wakazi wa mji wa jirani wa Castiglione wawatunze majeruhi bila kuuliza nani ni wa upande gani. Kutokana na aliyoyaona na kuyaandika, mwaka 1863 iliundwa kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1867 biashara zake zilianguka, akafilisika, akatengwa na kamati aliyoshiriki kuiasisi, akaishi kwa dhiki miaka mingi, mpaka mwaka 1901 alipopewa Tuzo ya kwanza ya Nobel ya Amani pamoja na Frédéric Passy, Mfaransa mpigania amani. Sasa kata upande wa fedha kwenye maisha hayo. Dunant hana hata sababu ya kuwa Solferino, wala hutaelewa kwa nini jina lake lilipotea midomoni mwa watu kwa muda wote ule.

Najua kwamba miaka ya benki ndiyo migumu kuiandika. Mwalimu huacha nyuma watu wanaotembea na kusema. Mkaguzi wa ndani akifanya kazi yake vizuri, kinachobaki ni mambo ambayo hayakutokea: fedha ambazo hazikuibwa, kosa lililoonekana kabla ya kufunga hesabu za mwaka, karani asiye na hatia ambaye hakufukuzwa kwa sababu mtu alikaa akapitia hati za malipo moja baada ya nyingine mpaka akaona upotevu ulianzia kwingine. Hakuna anayekuja msibani kushukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Itabidi wewe ulitafute.

Kwa hiyo watafute waliofanya naye kazi, wale waliokaa meza ya karibu kabla ya wakubwa. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani. Watakupa sifa unazoweza kuzisikia katika mazishi yoyote: mchapakazi, mnyenyekevu, mpenda watu. Waulize alikuwa anafika saa ngapi siku za kufunga mwezi, na alikuwa anaanza na nini. Waulize kama aliwahi kukataa kutia saini, na nini kilifuata. Ripoti yake ilipomgusa mtu mkubwa kazini, alifanyaje? Alipomkatalia mtu mkopo, alimwandikia barua au alimwita akakaa naye? Mmoja akianza kukusimulia siku fulani, mwache aseme, usimkatishe kwa swali lako linalofuata. Omba ruhusa urekodi kwa simu, na kila rekodi iandikie jina la msemaji na tarehe siku hiyohiyo, maana baada ya wiki chache sauti za wazee huanza kufanana. Anza na walio na umri mkubwa zaidi au afya dhaifu.

Wenzake hao watakuwa waangalifu, na wana haki ya kuwa hivyo. Siri za mteja wa benki haziishi kwa sababu aliyezitunza amestaafu au amefariki. Usiandike jina la mteja yeyote, wala kisa ambacho wanaokijua wanaweza kumtambua mtu. Unaweza kusimulia alichokifanya Baba ukaacha mengine yote.

Kutoka kwa wanafunzi utapata visa vingi hadi uchoke, na hapo uwe macho. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu wazima wakiombwa wakumbuke maisha yao, mengi yanayowajia ni ya umri wa miaka 10 hadi 30 hivi. Wanafunzi wa Baba walikutana naye katikati ya umri huo, wakati kila kitu ni cha kwanza: kufaulu kwa kwanza, aibu ya kwanza mbele ya darasa, mtu mzima wa kwanza aliyewaambia wanaweza. Wenzake wa benki walikuwa watu wa makamo, katika ofisi ambamo Jumanne ilifanana na Jumatano. Kwa hiyo miaka michache ya shule itakuletea visa kuliko miaka mingi ya benki, na sababu ni umri wa wanaokumbuka, si uzito wa kazi. Kaka anazisikia sauti zilizo nyingi, ndiyo maana anaamini Baba alikuwa mwalimu basi. Mweleze hivyo kwa upole. Simlaumu, huyo ndiye Baba aliyemjua yeye.

Kutoka kwenye visa hivyo vya wanafunzi, chagua vinavyoonyesha alivyofundisha hasa. Aliandikaje ubaoni? Alisahihishaje daftari, kwa alama tu au kwa kuandika pembeni ni hatua ipi iliyokosewa? Alimfanyaje mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi? Mwalimu wa hisabati anajulikana hapo.

Kituoni utapata kitu ambacho shule na benki haziwezi kukupa kwa urahisi, nacho ni karatasi. Omba ruhusa ya viongozi uone mihtasari ya vikao na vitabu vya fedha vya miaka yake. Mweka hazina mzuri wa kazi ya kujitolea mara nyingi hukumbukwa kama msumbufu. Anadai risiti hata ya fedha ndogo. Anakataa mtu mmoja apokee mchango, auandike na aupeleke benki peke yake. Anataka hundi iwe na saini mbili, na taarifa ya fedha isomwe kila kikao hata kama wote wana haraka. Watu hununa, lakini wafadhili hubaki, na watoto hawalali njaa kwa sababu fedha zimepotelea mfukoni mwa mtu. Kama Baba ndiye aliyeleta utaratibu wa aina hiyo kituoni, utaukuta kwenye mihtasari, pengine pamoja na mabishano yake. Ukiukuta, hapo unganisha benki na kujitolea bila woga, kwa kuwa uunganisho huo aliufanya yeye kwa mkono wake. Ninachokukataza ni kuunganisha pale ambapo yeye hakuunganisha.

Na wale aliowafundisha kusoma ukubwani, usiwasahau. Hao mara nyingi hawatakuja mbele, wengine hawapendi ijulikane kwamba walichelewa kujua kusoma. Wafuate wenyewe, na uwaulize kwanza kama wanataka kutajwa.

Kuhusu daftari la fedha nina msimamo mkali: usichapishe hata ukurasa mmoja, si wa waliolipa, si wa wasiolipa. Watu wale walimwendea Baba faraghani, pengine siku ambayo hawakuwa na pengine pa kwenda. Kuyaanika majina yao ili Baba asifiwe ni kuwalipisha wao gharama ya sifa zake. Halafu fikiri kidogo. Mtu aliyefanya kazi idara ya mikopo alijua vizuri namna ya kuandika deni analokusudia kulidai: makubaliano, tarehe ya marejesho, saini, shahidi. Tazama kama daftari lina hayo. Kama lina majina na kiasi tu, hilo peke yake linasema kitu juu ya alivyozitazama fedha zile. Vyovyote iwavyo, madeni ni suala la mirathi. Daftari likabidhiwe kwa msimamizi wa mirathi, na familia iamue kimyakimya. Aliyesaidiwa akitaka mwenyewe kusimama na kusema, mpeni nafasi.

Sasa wewe.

Umeniuliza kama ndiye unayefaa kuandika. Ndiyo, na sababu mojawapo ni ile sentensi iliyokataa kutoka. Kalamu yako imekataa kuandika jambo unalojua si kweli. Usiandike kwamba alikuwa na muda na kila mtu. Hakuna mtu mwenye kazi ya benki, watoto wa kulea, hesabu za kituo na darasa la jioni ambaye ana muda na kila mtu. Muda aliowapa wengine ulitoka mahali, na sehemu yake ilitoka kwako. Baba alitumia maisha yake kwenye vitabu ambavyo kila kiasi huandikwa pande mbili, kilikotoka na kilikokwenda, utaratibu ambao Luca Pacioli, mtawa na mwalimu wa hisabati, aliueleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Watu wanaomsifu wanausoma upande mmoja. Wewe unaujua wa pili, na kuuandika si kumsema vibaya marehemu.

Namna ya kuuandika ndiyo inayohitaji uangalifu. Kabla ya kijitabu, mwandikie Baba barua ambayo hutamwonyesha mtu. Humo mwambie yote: Jumamosi, usiku, wivu wako kwa watoto wa kituo, hasira. Usiharakishe kusamehe ndani yake kwa sababu tu amefariki. Kisha iweke kando siku chache. Utakaporudi kwenye kijitabu utaona kwamba uchungu mwingi umebaki kwenye barua, na kilichobaki mkononi ni ukweli unaoweza kusomwa mbele ya watu: kwamba Jumamosi alikuwa kituoni, kwamba watoto wake walimngoja, kwamba mama yenu ndiye aliyekuwepo. Hili la Mama usilikose. Mtu hawezi kujitolea miaka yote ile bila mwingine kubaki na nyumba, na katika barua yako sijasikia mtu hata mmoja aliyependekeza Mama naye aandikwe kama sehemu ya kazi ile.

Wajukuu wakisoma hayo watamwamini Baba zaidi. Watoto hujua haraka wanaposomewa habari za mtu asiye na kasoro, na huacha kusikiliza.

Una kitu kingine ambacho hakuna mwingine anacho. Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili, aliandika mwaka 1963 kwamba wazee wanaporudia kusimulia ya zamani hawajapotea njia. Wanayapitia maisha yao, pamoja na yale ambayo hayakuwahi kutulia. Wewe ulikuwa na Baba miaka hiyo. Alikuwa akirudia kisa gani? Alimtaja nani? Kama aliendelea kuwataja wale walimu wenzake, basi unajua jambo lililomuuma mpaka mwisho, na lina nafasi yake kwenye kijitabu. Kama alizungumza zaidi juu ya mkopo fulani alioukataa, au mtoto fulani wa kituoni, fuata huko. Na kama alikuwa akiuliza juu yako, ulipokuwa mdogo, na kile alichokikosa, liandike hilo hata kama Kaka ataona halihusiki.

Kwa upande wa tarehe, zilinganishe na barua za ajira, vyeti na mihtasari badala ya kutegemea vichwa vya watu. Tarehe isiyo na karatasi iandike kwa mwaka tu, au kwa kusema ilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana. Kijitabu kisiwe kirefu. Sura ya benki ikizidi ile ya shule kwa kurasa, sawa, alikaa huko muda mrefu zaidi. Mama asome rasimu kabla haijaenda kwa mchapaji, na kama ana la kuongeza juu ya siku Baba alipoacha ualimu, liingie kwa maneno yake mwenyewe.

Kaka mpe kazi, asibaki kuwa msemaji wa pingamizi. Yeye akusanye visa vya wanafunzi na aandike sehemu ya shule, kwa jina lake, kwa mapenzi yake yote. Siku yenyewe wekeni wasemaji watatu, mmoja kutoka kila upande, kila mmoja akiwa ameambiwa mapema dakika zake na kuombwa asimulie tukio moja tu. Wa benki mtangulizeni. Wanafunzi wakianza, hakuna atakayepata nafasi tena.

Shangazi